Mwongozo kamili: Kusafisha birika la maji la farasi lisirudi kijani baada ya siku nne

Malalamiko ni yale yale kila kiangazi. Mmoja kamwaga birika Jumamosi, kajaza maji safi, na Jumatano maji yamegeuka kijani tena. Mwingine kamimina Jik, dawa ya klorini, nusu chupa ndani ya maji, na sasa farasi anasogea, ananusa, anageuka na kwenda zake. Wa tatu ameshanunua mrututu, ile chumvi ya bluu ya shaba inayoua mwani, anachotaka ni kipimo tu.

Wote watatu wanahangaika na maji wakati tatizo liko ukutani. Pitisha kidole ndani ya birika, pale mstari wa maji unapoishia. Ukihisi utelezi, huo ni ute ambao bakteria hujijengea, na mwani hushika humo humo. Ukimwaga maji ukauacha ute, umebakiza mbegu; jua na maji mapya vitaiotesha. Ukimimina klorini juu ya ute, klorini huishia kwenye uchafu wa juu kabla haijafika chini. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kazi ya brashi. Dawa inakuja baadaye, na wiki nyingi haihitajiki kabisa.

Maelezo haya yanamfaa punda vilevile. Kinachobadilika ni kimo cha birika na kiasi cha maji.

## Vifaa vya kuandaa

- Brashi mbili zenye nywele ngumu za plastiki: moja ya mpini mrefu, nyingine ndogo ya kuingia kwenye kona. Ziwe za birika peke yake. Brashi iliyosugua sakafu ya banda imebeba kinyesi na mkojo.
- Dodoki kavu au sponji ngumu, kwa birika la plastiki.
- Ndoo safi za lita 20, angalau moja kwa kila farasi, watakazonywea kazi ikiendelea.
- Ndoo ya kuchanganyia dawa, iliyowekewa alama kubwa ili mnyama asinyweshwe nayo kamwe.
- Mpira wa maji wa mita tatu hivi, kama birika halina kizibo chini.
- Kopo, na chujio au wavu mdogo wenye mpini.
- Dawa ya klorini ya nyumbani isiyo na manukato, rangi wala sabuni ndani yake. Nyingi zina sodiamu haipokloraiti kati ya asilimia 3.5 na 5, soma lebo. Angalia na tarehe, kwa sababu klorini hupoteza nguvu ikikaa, hasa ikihifadhiwa kwenye joto.
- Glavu za mpira, miwani ya kukinga macho na gambuti.
- Tepu ya kupimia.

Sabuni ya unga, dawa ya choo, asidi ya bwawa la kuogelea na mrututu viache dukani.

## Hatua ya 1: Pima birika kabla ya kulisafisha

Hatua hii inarukwa na karibu kila mtu, nayo ndiyo inayoeleza kwa nini birika la jirani ni safi na lako halisafishiki.

Zidisha urefu, upana na kina kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1,000. Jibu ni lita. Birika la sentimita 120 kwa 60 kwa 50 linabeba lita 360. Farasi wa kilo 450 hadi 500 asiyefanya kazi nzito hunywa kama lita 25 hadi 40 kwa siku. Akifanya kazi juani, au akiwa jike anayenyonyesha, anaweza kufika lita 60 au kupita. Punda hutosheka na lita 10 hadi 25.

Sasa fanya hesabu. Farasi wawili wanaokunywa jumla ya lita 70 kwa siku watalimaliza birika hilo baada ya siku tano hivi. Siku tano maji yamekaa juani, yakidondoshewa mate, makapi na pumba. Hakuna brashi itakayoshinda hapo.

Lengo ni maji yatumike ndani ya siku moja au mbili. Kama birika ni kubwa mno, shusha boya, lile linaloelea na kufunga maji birika likijaa, ili lijae hadi theluthi tu, au badala yake tumia pipa la lita 200 lililopasuliwa kwa urefu, ambalo kila nusu inabeba lita 100 hivi. Wenye kupata maji ya mgao huogopa kupunguza, na wana haki. Lakini akiba iwekwe kwenye tangi lenye mfuniko, likilijaza birika kidogo kidogo. Birika si mahali pa akiba.

Onyo: pipa lililobeba dawa ya kilimo, dawa ya josho au kemikali ya kiwandani halifai hata ukiliosha mara kumi. Sumu nyingine hunywewa na plastiki yenyewe, kisha hutoka taratibu. Kama hujui pipa lilikuwa na nini, usilitumie.

Utajua umefanikiwa: unaweza kutaja kwa lita birika lako linabeba kiasi gani na linaisha siku ya ngapi.

## Hatua ya 2: Kagua mahali lilipo

Simama mbele ya birika saa nane mchana. Kama jua linalipiga moja kwa moja, mwani una kila unachohitaji. Kivuli cha paa au cha turubai kinatosha. Kivuli cha mti kina gharama yake: majani yanayodondoka huoza na kulisha bakteria, na ndege wanaolala juu hukuachia zawadi kila asubuhi.

Mti wenyewe uutazame vizuri. Oleanda, ule mmea wa maua ya waridi au meupe unaopandwa kama ua kwenye bustani nyingi za Nairobi na Pwani, ni sumu kali kwa farasi, na majani yake machache yanaweza kuua. Majani ya mparachichi nayo ni sumu kwa farasi. Ukiwa na miti hii karibu, hamisha birika leo. Usisubiri kuokota jani moja moja.

Mengine ya kukagua haraka:

Chakula. Farasi wengi hupenda kuchovya nyasi kavu ndani ya maji wakitafuna. Ukiweka hori la chakula hatua chache tu kutoka kwenye maji, utakuwa unavua nyasi kila siku. Tenganisha kwa mita nane au kumi, uone tofauti.

Kona. Birika likiwa kwenye kona ya ua, farasi mnyonge hubanwa humo na mbabe, akapigwa teke au akaacha kunywa kabisa. Liweke kwenye mstari wa ua ulionyooka, pasiwe na mwanya baina yake na ua ambamo mguu unaweza kunasa.

Kingo. Pipa lililokatwa lina ukingo kama kisu. Pasua kipande cha mpira wa maji kwa urefu, kivishe ukingo mzima, kikaze kwa waya upande wa nje ambako mdomo haufiki. Bafu kuukuu ni zuri likiwa halina masikio ya bomba yaliyotokeza. Vitu hivyo hunasa hatamu ya kichwani.

Kimo. Ukingo wa sentimita 60 hadi 70 unamfaa farasi mkubwa. Punda anataka chini ya hapo. Mahali penye mtoto wa farasi, maji yawe ya kina kidogo, kwa sababu mtoto akitumbukia hawezi kutoka mwenyewe.

## Hatua ya 3: Funga koki jioni ya siku iliyotangulia

Funga maji jioni, waache wanywe yaliyobaki usiku. Asubuhi utakuta kiasi kidogo cha kumwaga. Kwa anayenunua maji ya boza, hii peke yake inaokoa ndoo nyingi.

Weka ndoo moja ya maji safi pembeni usiku huo. Farasi aliyepungukiwa maji hukauka choo tumboni, na msokoto wa tumbo, yaani koliki, huanzia hapo. Ukikumbuka kwamba farasi hawezi kutapika, utaelewa kwa nini tumbo lake si la kufanyia majaribio.

## Hatua ya 4: Chungulia, kisha mwaga

Kabla ya kugusa maji, yatazame kwa dakika moja. Unatafuta vitu vitatu.

Utando kama rangi ya mafuta iliyomwagika, wa kijani cha bluu, wenye michirizi na harufu mbaya. Huu unaweza kuwa wa sianobakteria, yaani bakteria wa majini wanaofanana na mwani, na baadhi ya aina zake hutoa sumu inayoua mnyama kwa saa chache. Ondoa wanyama wote kwanza, mbwa na mbuzi pia. Usitie dawa yoyote: ukiwaua bakteria hao wakiwa majini, sumu iliyokuwa ndani yao inaachiwa kwenye maji. Vaa glavu, mwaga mbali na malisho na kisima, na umpigie daktari wa mifugo kama kuna mnyama anayetetemeka, anayeyumba au aliyelegea. Ule mwani wa kawaida wenye nyuzi ndefu kama nywele unachukiza, lakini si huo.

Mnyama aliyekufa. Panya, ndege, mjusi. Mzoga unaooza majini unaweza kuleta botulizimu, yaani sumu ya bakteria inayopoozesha misuli, na farasi huathirika na sumu hiyo kwa kiasi kidogo sana. Maji hayo hayachujwi, yanamwagwa yote, na siku hiyo Hatua ya 7 ni ya lazima. Panya ana ubaya mwingine hata akiwa hai: mkojo wake hueneza leptospirosisi, ile ile iliyotikisa Lindi mwaka 2022 na Watanzania wakaijua kama homa ya mgunda. Kwa farasi inaweza kuleta uvimbe wa macho unaorudi na kurudi hadi upofu. Kwako wewe unayetumbukiza mikono yenye mchubuko, glavu si mapambo.

Viluwiluwi vya mbu. Ukiviona, jua maji yamekaa siku nyingi kuliko unavyodhani.

Kama kuna kizibo, kivute. Kama hakuna, usinyonye mpira kwa mdomo. Zamisha mpira wote ndani ya maji mpaka mapovu yaishe, ziba ncha moja kwa kidole gumba, itoe nje na ishushe chini kuliko sakafu ya birika, kisha achia. Maji yatajivuta yenyewe. Mabaki ya chini yenye tope yachote kwa kopo. Usiyaache eti yatasuuzika, kwa kuwa tope hilo ndilo lenye kinyesi na chakula kilichooza.

Maji haya bado hayana dawa, kwa hiyo kama hukukuta mzoga wala utando wa bluu, yapeleke kwenye migomba au mboga. Hakuna haja ya kuyapoteza.

## Hatua ya 5: Sugua, na usiwe na haraka

Hapa ndipo wengi hushindwa. Wanasugua sakafu ya birika, wanapitisha brashi ukutani mara mbili, wanaona rangi ya kijani imetoka na wanaridhika. Rangi imetoka, ute umebaki. Ute mwembamba hauna rangi, kwa hiyo macho hayatakusaidia, tumia vidole.

Fuata mpangilio huu:

1. Lowesha kuta zote. Ute uliokauka hugandamana kama gundi.
2. Anza juu, sentimita kumi juu ya mstari wa maji. Mbu aina ya Aedes, wale wanaoeneza dengi iliyosumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, hubandika mayai ukutani juu kidogo ya maji. Mayai hayo huvumilia ukavu kwa miezi, yakisubiri maji yapande. Kumwaga maji hakuyagusi. Brashi inayatoa.
3. Shuka kwa mistari, ukizungusha brashi duara ndogo ndogo. Kuta nne kwanza, sakafu mwisho.
4. Ingia kwenye kona na pembe kwa brashi ndogo. Kisha boya: lifungue, geuza chini juu. Upande wa chini wa boya na mkono wake ndizo sehemu chafu kuliko zote, na ndizo zinazoambukiza maji mapya ndani ya siku moja. Watu huliacha kwa sababu halionekani.
5. Sugua kizibo, tundu lake, na midomo ya bomba.
6. Suuza kwa maji kidogo, mwaga, kisha pitisha kiganja bila glavu kwa sekunde chache kwenye ukuta. Panapoteleza, rudia.

Aina ya birika inabadilisha mkono wako. La plastiki linataka dodoki au brashi laini kiasi, kwa sababu steelwire na mchanga huacha mikwaruzo na kila mkwaruzo ni makazi mapya ya ute. La saruji linavumilia brashi ngumu, hata majivu au mchanga mlaini ukitaka. Shida yake ni vinyweleo na nyufa, na ufa usipozibwa utasugua milele. Ziba ufa kwa saruji, acha ikomae, kisha jaza na umwage mara kadhaa kabla ya kunywesha, kwa kuwa saruji mpya hutoa chokaa inayobadilisha ladha ya maji na kuwa kali. La bati la mabati lisuguliwe bila kuchuna. Ukitoa tabaka la zinki, kutu inafuata.

Sabuni sipendi. Farasi ana pua kali, na harufu ya sabuni ya unga hukaa kwenye plastiki siku nyingi kuliko inavyokaa kwenye shati. Kama kuna mafuta, tone la sabuni ya kuoshea vyombo linatosha, kisha suuza mpaka uchoke.

Utajua umefanikiwa: kiganja kikipita ukutani kinakwaruza kidogo, kama kwenye sahani iliyooshwa vizuri. Ukikosa hisia hiyo, usiende Hatua ya 7. Dawa juu ya ute ni hela iliyomwagwa.

## Hatua ya 6: Suuza

Mwaga ndoo mbili au tatu kuzunguka kuta kutoka juu kwenda chini, toa maji yote. Wiki za kawaida, kama hakuna mzoga, ugonjwa wala utando wa bluu, ruka moja kwa moja hadi Hatua ya 8. Kweli, bila dawa.

## Hatua ya 7: Dawa, pale tu inapohitajika

Tia dawa mara moja kwa mwezi, au papo hapo ukitokea mzoga, farasi mgonjwa, farasi mgeni aliyekunywa hapo, au birika lililokaa muda mrefu bila kutumika.

Ugonjwa wa kuangalia zaidi ni ule wa majipu ya koo unaoletwa na bakteria Streptococcus equi. Farasi anatoa usaha puani, anatumbukiza mdomo kwenye birika, na wenzake wanakunywa nyuma yake. Bakteria hao wanaweza kuishi ndani ya maji kwa wiki kadhaa. Farasi mwenye homa na kamasi anywe kwenye ndoo yake peke yake, na ncha ya mpira isizame ndani ya ndoo hiyo kisha ikahamia kwenye nyingine.

Kuchanganya: sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 9 za maji baridi. Kwa ndoo ya lita 10, lita moja ya dawa na lita tisa za maji. Maji ya moto hupunguza nguvu ya klorini na kuzidisha mvuke. Changanya siku hiyo hiyo unayotumia.

Paka kuta zote, boya na kizibo kwa brashi. Ziache mbichi kwa dakika kumi. Pakianza kukauka, paka tena. Kisha suuza mara tatu, ukimwaga maji yote kila mara. Birika la mabati lisikae na dawa zaidi ya dakika hizo kumi.

Baada ya hapo liache wazi juani saa moja. Klorini iliyobaki huruka. Ingiza kichwa ndani unuse. Ukisikia harufu hata kidogo, suuza tena, maana pua ya farasi itaisikia kabla yako.

Onyo kubwa: usichanganye klorini na siki, dawa ya choo, asidi yoyote, wala bidhaa yenye amonia. Hutoka gesi inayounguza mapafu. Na mkojo wa farasi ukikaa hutoa amonia nyingi, kwa hiyo usimwage ndoo ya dawa kwenye sakafu ya banda iliyolowa mkojo, hasa kama banda limefungwa. Fanya kazi hii nje, upepo ukiwa mgongoni kwako. Maji ya kusuuzia yenye dawa yaende kwenye changarawe au barabara ya vumbi, mbali na mimea, kisima na bwawa la samaki.

## Hatua ya 8: Kausha matope pembeni

Birika linaweza kung'aa na bado likakuletea maradhi kupitia ardhi inayolizunguka. Boya linalovuja kidogo kidogo hutengeneza tope, farasi wanalikanyaga wakilichanganya na kinyesi, na hapo usubi wa aina ya Culicoides huzaliana. Usubi hao ndio wanaobeba ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao katika nchi zetu haujawahi kuondoka na huua farasi wengi wanaougua.

Kaza koki, badilisha mpira wa ndani wa boya ukilika, ondoa tope na umwage kokoto za unene wa kidole gumba kwa upana wa mita mbili kuzunguka birika. Chimba mfereji mdogo wa kupeleka mbali maji yanayofurika. Kazi ya nusu siku. Chanjo na vyandarua vya banda ni mambo ya kuzungumza na daktari wako wa mifugo. Kokoto haziyachukulii nafasi.

Ukiwa hapo hapo, weka ubao au jiwe lenye mteremko ndani ya birika, likigusa sakafu na kutokeza juu ya maji. Ndege au panya akitumbukia atapanda na kutoka. Mizoga itapungua sana.

## Hatua ya 9: Jaza, kisha mtazame akinywa

Acha maji ya kwanza ya mpira yamwagike chini. Yaliyolala ndani ya mpira juani ni ya moto na yana ladha ya plastiki. Jaza hadi kiwango ulichoamua katika Hatua ya 1. Tupia sarafu: uione chini waziwazi, hata ukisoma namba yake. Kisha itoe.

Mlete farasi mmoja usimame pembeni. Anayekunywa kweli hutumbukiza midomo, na masikio yake hucheza mbele na nyuma kwa kila funda. Utaona pia funda likipanda shingoni upande wa chini. Anayelowesha midomo tu na kuinua kichwa hajakunywa. Ndoo za akiba usiziondoe mpaka umeona masikio yakicheza.

## Ratiba

Kila siku: ondoa nyasi na majani kwa chujio, tazama kama kuna mzoga, gusa ukuta kwa kidole. Dakika mbili tu, asubuhi wakati wa kulisha.

Wakati wa joto, Hatua ya 3 hadi ya 6 mara mbili kwa wiki. Wakati wa baridi ya Juni na Julai nyanda za juu, mara moja kwa wiki inatosha. Hata pasipo ukijani usipitishe siku saba, kwa sababu katika joto yai la mbu linaweza kuwa mbu anayeruka baada ya siku saba hadi kumi.

## Njia za mkato mnazoniuliza

Mrututu. Unaua mwani, ndiyo. Lakini kipimo salama ni kidogo mno, na wengi hawajui hata birika lao linabeba lita ngapi. Juu ya hapo, mabirika yetu yanatumiwa na kondoo pia, na kondoo hufa kwa shaba kiasi ambacho farasi asingekihisi. Sitoi kipimo.

Samaki. Gapi hula viluwiluwi vya mbu, hilo ni kweli. Lakini nao wananya, na mavi yao ni mbolea ya mwani. Mwenye samaki huogopa kusugua asije akawaua, na hapo ndipo ute unaposhamiri. Kwenye bwawa, sawa. Kwenye birika, hapana.

Siki. Haiui mwani kwa kiasi ambacho farasi atakubali kukinywa, na kwenye birika la mabati inatafuna zinki.

## Bado kuna shida?

*Yanarudi kijani siku ya tatu.* Boya halikusuguliwa, au jua bado linafika. Angalia pia tangi linalolisha birika; kama ni jeupe linalopitisha mwanga, mwani unaanzia huko.

*Nyuki wamejaa, farasi wanaogopa.* Hutokea kilele cha kiangazi. Usipulizie dawa ya wadudu. Weka beseni la maji lenye changarawe za kutua mita 20 au 30 kutoka hapo, upande wanakotokea, na usiliache likauke hata siku moja. Huchukua siku kadhaa kuhamia. Mpaka hapo, nyweshea asubuhi mapema na jioni, nyuki wakiwa wamelala.

*Maji ni safi, farasi hanywi.* Onja maji mwenyewe kutoka kwenye chanzo. Visima vya Pwani hubadilika chumvi majira ya ukame, na farasi aliyezoea maji ya bomba yasiyo na chumvi atayakataa. Mchanganyie maji ya zamani na mapya kwa siku chache. Kumbuka pia kwamba anayekula majani mabichi ya masika hupata maji mengi humo, hivyo kunywa kidogo si lazima iwe dalili mbaya.

Tazama fizi: ziwe za waridi na zenye unyevu, na ukizibonyeza kwa kidole rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Tazama na kinyesi. Kikiwa kikavu, kidogo na chenye vipande vigumu, au farasi akipara ardhi, akijitazama ubavuni, akilala na kuamka, mpigie daktari wa mifugo saa ile ile. Wakati unamsubiri, mwekee farasi maji kwenye ndoo yenye alama za lita pembeni ili ujue amekunywa kiasi gani, na uandike namba hiyo pamoja na saa.